Kurasa Mbili za Daftari

Mwaka jana, siku chache kabla ya mavuno ya mpunga, nilipokea barua kutoka Mlimani, Dar es Salaam. Aliyeiandika ni binti mkutubi ambaye mpaka leo sijapata kuonana naye uso kwa uso. Alianza kwa shikamoo, akaendelea kwa heshima zote, kisha akatoa ombi lake. Maktaba ya chuo kikuu ilikusudia kuweka maonyesho madogo juu ya bonde la Kilombero na watu wake, naye alikuwa amesikia kwa mtu niliyesoma naye zamani kwamba ninalo daftari nililoliandika Sanje mwaka 1982. Je, ningekubali kuliazima kwa mwezi mmoja, likae ndani ya kabati la kioo?

Nilifurahi, siwezi kuficha. Mtu aliyestaafu ualimu na kukaa Ifakara akihesabu kuku wake haletewi kila siku habari kwamba maandishi yake yanatakiwa chuo kikuu. Nilimsomea mke wangu barua ile, nikamsomea na jirani, ingawa jirani mwenyewe hakuuliza. Usiku ndipo nilipolitoa daftari sandukuni, nikalifungua chini ya taa, na furaha ikanipungua.

Ni daftari la kawaida la shule, jalada lake limeliwa na mende. Mwaka ule nilikuwa mwanafunzi wa historia pale Mlimani, nami nilirudi nyumbani likizo nikiwa na bidii kubwa na elimu kidogo. Sisi wanafunzi wa historia tulikuwa tumerithi desturi iliyoanza kabla yetu. Mwaka 1968 wenzetu waliotutangulia walipelekwa vijijini kusini mwa nchi kukusanya kumbukumbu za wazee waliopitia vita vya Maji Maji, kazi iliyoongozwa na Gilbert Gwassa na John Iliffe, na matokeo yake yakahifadhiwa chuoni. Tuliyasoma makaratasi yale kama mtu asomavyo barua za baba yake. Basi nami nikajiona mkusanyaji. Niliandika majina ya mito, majina ya samaki, majina ya wanyama wa msituni. Nilipokwisha hayo nikaketi na shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, nikamwomba anisimulie mambo ya kale.

Katikati ya daftari, kurasa mbili zinazotazamana, kuna habari aliyonipa siku ya mwisho. Baada ya Maji Maji, Wajerumani walipokwisha kuchoma maghala na mashamba ili kuwavunja watu nguvu, njaa kubwa iliingia. Baba mmoja alikuja Sanje akitokea kusini pamoja na binti yake mdogo wa miaka minane hivi. Akamwacha kwa babu wa baba yangu, akapewa kapu mbili za mtama, akaahidi kurudi kumkomboa baada ya mavuno. Hakurudi. Huenda alikufa njiani. Binti alikulia nyumbani kwetu, akaozwa kwa mpwa wa mwenye nyumba, akazaa, akazeeka, akazikwa pale pale. Wageni wakiuliza, waliambiwa ni mtoto wa ndugu. Chini ya maneno hayo nimeandika, kwa mwandiko wangu wa ujana uliojaa mikia, onyo la shangazi: mwanangu, haya nimekupa wewe, usiyaanike.

Ndugu msomaji, hili ndilo lililoniondolea usingizi. Nikasema moyoni, neno la shangazi ni amana. Amenitangulia mbele ya haki tangu mwaka 2004, siwezi kumwendea nikamwomba ruhusa, na mtu aliyekufa hawezi kubadili nia. Basi daftari lisiende. Nikaanza hata kutunga jibu la adabu la kukataa.

Lakini jibu lile lilikuwa jepesi mno, nami huwa siamini uamuzi unaonipendeza haraka. Nikajiuliza kwanza: kuonyesha ni kitu gani hasa?

Tulipokuwa wanafunzi, maktaba kwetu ilikuwa mahali pa kukaa kimya. Chuo chenyewe kilizaliwa mwaka 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964, na maktaba ikawa moyo wake. Kulikuwa na sehemu iliyoitwa East Africana, ambako kitabu huombwa kwa karatasi na husomwa mbele ya macho ya mkutubi. Mtu wa Sanje asiye mwanafunzi angeingia kufanya nini? Siku hizi mambo yamebadilika. Maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa na Rais Magufuli mwezi Novemba 2018 ina nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na rafu za kuchukua vitabu 800,000. Inao na ukumbi wa mikutano. Watu huingia kusikiliza mihadhara, kutazama picha na vitabu vya kale, kubishana juu ya vitabu vipya. Mimi naona ni jambo jema. Kitabu kisichopata kutoka rafuni hufa kifo kibaya kuliko kile kilicholiwa na mchwa, maana mchwa angalau amefaidi.

Hata hivyo kabati la kioo lina tabia yake ya ajabu. Kinyago kikiwekwa kabatini utakiona mbele, na ukizunguka utakiona nyuma. Picha utaiona nzima. Kitabu hakionyeshwi hivyo. Kitabu kikiwekwa nyuma ya kioo hufunguliwa mahali pamoja tu, na mtazamaji huona kurasa mbili. Kurasa nyingine zote zipo pale pale mbele yake, lakini zimefungwa. Mtu fulani, ambaye jina lake halimo kabatini, ndiye aliyechagua zipi zitazamwe. Na mtazamaji huondoka akisema amekiona kitabu.

Nilimkumbuka Hans Cory. Huyu alikuwa mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi ya utafiti wa mila kwa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, akafariki mwaka 1962, na hati zake zimo katika maktaba ya Mlimani. Alikusanya sheria za kimila, nyimbo, na vinyago vya udongo vinavyotumika katika mafunzo ya vijana, mathalani kwa Wazigua na Wasambaa. Mwaka 1956 alichapisha London kitabu juu ya vinyago hivyo, chenye picha na maelezo. Vitu vile havikutengenezwa ili vitazamwe na kila mtu. Kila kimoja kilikuwa na wimbo wake, na aliyeonyeshwa alikuwa mwali aliyekwisha kutengwa, akachoshwa, akaimbiwa usiku kucha, akaapishwa asiseme. Mimi nilikisoma kitabu kile nikiwa mwanafunzi, mchana mmoja, nimeketi kitini na nimeshiba ugali wa bwalo. Sikukesha hata usiku mmoja. Nilipokirudisha nilijiona najua. Je, nilijua nini? Nilijua umbo la udongo na tafsiri ya maneno. Kile ambacho mwali alikipata kwa kutetemeka, sikukipata.

Papo hapo siwezi kusema Cory angeacha. Wazee waliompa habari wamekwisha, na katika vijiji vingine nyimbo zile haziimbwi tena. Mjukuu wa mzee yule akitaka leo kujua babu yake alifundishwa nini, huenda njia yake pekee ikapita katika makaratasi ya mgeni. Shangazi alisema usiyaanike, nami nilimwelewa, kwani sisi ni watu wa mpunga na kuanika tunakujua. Ukianika mpunga kuku watakuja, na majirani wataona umevuna kiasi gani. Lakini mpunga usioanikwa huota ukungu ghalani.

Kisha kuna habari ya ng'olaga, ambayo mtu wa Sanje hawezi kuiacha akizungumza mambo haya. Ng'olaga ni kima wa msitu ulio juu ya kijiji chetu, kule maporomoko yanakoangukia. Tangu utoto tuliusikia mlio wake alfajiri, hakuna aliyeushangaa. Mwaka 1979 wataalamu wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, huyu wa pili akiwa mwalimu wa elimu ya wanyama pale Mlimani, walikuwa katika msitu huo wakausikia mlio wasioujua. Wakashangaa. Mwenyeji aliyefuatana nao hakushangaa, akawaambia huyo ni ng'olaga. Mwaka 1981 waliutangazia ulimwengu wa wataalamu kwamba yuko kima asiyepata kuandikwa, na leo jina lake la kisayansi limebeba jina la kijiji chetu. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, na wageni hupanda mlima wakitarajia kumwona. Katika daftari langu la 1982 nimemwandika ng'olaga baada ya mbega, bila maelezo yoyote, kwa kuwa sikujua kwamba mwaka uliotangulia alikuwa amegunduliwa!

Sisemi hivi kwa kuwadhihaki wataalamu. Kusema kweli walimsikiliza mwenyeji wao, na wengi hawasikilizi. Nasema tu kwamba kitu kinaweza kuwa wazi kabisa upande mmoja wa kioo na kuwa siri upande wa pili, na aliye upande mmoja hajui kwamba kuna kioo.

Vipo vitu vilivyoonyeshwa na wenyewe wakiwa wasemaji. Mwaka 1935 A. T. na G. M. Culwick walitoa kitabu kikubwa juu ya Wabena wa bonde letu, na sura moja iliandikwa na Mtema Towegale Kiwanga, jina lake likiwekwa mwanzoni mwa kitabu pamoja na yao. Upande wa pili wa milima yetu, Kalenga, fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Bremen mwaka 1954 liko ndani ya kioo hadi leo, lakini liko kwao, kati ya Wahehe. Nikadhani nimepata kanuni: mwenye kitu akiwapo na akikubali, kionyeshwe.

Kanuni nzuri. Tatizo ni kwamba Kiwanga alikuwa mtema, na Mkwawa alikuwa Mkwawa. Watoto waliotolewa kwa nafaka hawakuombwa kuandika sura. Na mwenye habari ya kurasa zangu mbili ni nani? Shangazi aliyesimulia? Mimi niliyeandika? Au yule binti?

Ndipo nilipoona jambo ambalo lilikuwa mbele yangu muda wote. Nilikuwa nikijisifu kwamba namlinda marehemu bibi yule na aibu. Aibu gani? Mtoto wa miaka minane aliyeachwa kwa kapu mbili za mtama hana aibu yoyote. Waliokuwa na jambo la kufichwa ni waliompokea, yaani sisi. Babu wa baba yangu ndiye aliyekuwa na ghala wakati wengine wanakufa. Hakumrudishia mtoto uhuru wake mvua iliponyesha. Na watoto wa bibi yule walipogawiwa mashamba walipewa yale ya mbali, yanayofurika, na katika vikao vya ukoo walikaa karibu na mlango. Nimeyaona haya kwa macho yangu nikiwa mtoto, nikadhani ni mpangilio wa kawaida wa viti. Shangazi alipoagiza nisiyaanike, inawezekana kabisa alikuwa akilinda ghala la babu yake. Nami, mwanahistoria mzima, nililiita woga wangu amana.

Sikulijibu ombi. Nilipanda basi kwenda Sanje.

Wajukuu wawili wa bibi yule wako hai hapo kijijini, mkubwa wa kiume na mdogo wake wa kike. Nilimkuta kaka nyumbani, anakarabati mzinga wa nyuki. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, tukazungumza kwanza habari za miwa na bei zake, kwa kuwa si desturi kumwingilia mtu na jambo kabla hajakuuliza. Nilipoanza kumweleza habari za maktaba na kabati nilitumia maneno mengi ya kuzunguka. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwalimu, unataka kuniambia kwamba bibi yetu aliwekwa rehani kwenu?"

Nikasema ndiyo.

"Hilo tunalijua. Alituambia mwenyewe tukiwa wadogo, akatuambia na bei. Kapu mbili za mtama na jembe moja."

Nikamwambia daftari langu lina kapu mbili tu.

"Basi shangazi yako alilisahau jembe," akasema, akaendelea kufunga mzinga wake.

Nilikaa kimya. Miaka arobaini nimeificha siri ambayo waliofichwa walikuwa nayo, tena nzima kuliko yangu. Jembe lile kwa wakati ule lilikuwa mali, lilitolewa hata kwa mahari. Kulisahau ilikuwa ni kumpunguza bei mtu aliyekwisha kupunguzwa. Kaka akasema daftari liende, liwekwe mahali watu waone, ila jina la bibi yake liandikwe kwa ukamilifu, na ahakikishiwe jambo moja: yeye akifika huko Dar es Salaam na kitambulisho chake cha kupigia kura, wataalamu watamruhusu kuingia kuliona? Nikamwambia milango ya maonyesho huwa wazi kwa wote. Akanitazama kama mtu aliyekwisha kuambiwa hivyo mara nyingi.

Nilidhani kazi imekwisha. Jioni akaja mdogo wake, amekwisha kupata habari, hakukubali hata kukaa.

"Kaka Mwalimu," akaniambia, "leo mnatuita ndugu. Tunazikana, tunaozana, hakuna anayetuuliza. Siku daftari litakaposoma huko chuoni kwamba sisi tulinunuliwa, na watoto wenu wakajua, lile shamba la mtoni litakuwa la nani?"

Nikaanza kumweleza kwamba sheria ya ardhi haiangalii mambo ya kale namna hiyo, kwamba wametumia ardhi ile vizazi vitatu. Akanikatiza. "Wewe utakufa, Mwalimu. Mimi nakuuliza juu ya wajukuu zako."

Sikuwa na jibu, na mpaka sasa sina. Watu husema ukweli ni mali ya wote, nami darasani nimelisema hilo mara nyingi chaki ikiwa mkononi. Lakini ukweli ule ule ambao kwangu ungekuwa toba, na kwa kaka ungekuwa heshima ya bibi yake, kwa dada huyu ulikuwa tishio la kupoteza chakula. Kama ningelipeleka daftari likiwa limefunguliwa pale, ningeonekana mtu mwungwana aliyeanika dhambi za ukoo wake, nao watazamaji wangenisifu. Gharama ingelipwa na mtu mwingine, Sanje, baada ya miaka ishirini. Je, huo nao si ununuzi?

Niliwaomba waongee wao kwa wao bila mimi. Wameongea, na hawajakubaliana. Ni haki yao.

Nikamwandikia mkutubi. Nilimweleza, bila kutaja majina, kwamba daftari lina kurasa mbili ambazo wenyewe hawajaziruhusu, na kwamba hata mimi sina uwezo wa kuziruhusu. Nilitazamia asikitike, maana hizo ndizo kurasa ambazo mtu wa maonyesho angezitaka. Alijibu upesi, kwa maneno machache ya busara. Alisema hakuna shida: kitabu kabatini hufunguliwa mahali pamoja tu, na akapendekeza palipoandikwa wanyama wa msituni, kwa kuwa wageni wengi wamesikia habari za kima wa Sanje na watafurahi kuliona jina la ng'olaga kwa mwandiko wa mkono. Aliuliza pia kama ningependa, maonyesho yakiisha, yaletwe Sanje kwa siku mbili, shuleni, na kama shule ina meza yenye kufuli. Swali hilo la meza lilinifanya nimpende binti yule.

Nimekubali. Watu watapita mbele ya kioo, watasoma mbega, ng'olaga, nguruwe, watatabasamu, na kurasa mbili zitakuwa chini ya vidole viwili tu kutoka macho yao. Kuna siku naona ni udanganyifu. Kuna siku naona ndivyo vitabu vyote vilivyo, hata vile visivyo kabatini.

Usiku wa kuamkia siku ya kulituma nilifungua tena pale katikati. Wino wa 1982 umekuwa wa kahawia. Nikachukua kalamu ya buluu, na mbele ya maneno kapu mbili za mtama nikaongeza: na jembe moja. Nikaweka tarehe. Nikapuliza wino ukauka, nikalifunga daftari kwa kamba ya mkonge, asubuhi nikalipeleka posta.